Aliyekata Mshipi

Saumu mwanangu,

Umekwenda kumuaga bibi yako, naye hana haraka. Najua atakukalisha karibu na moto, akupe chai ya tangawizi, akuulize swali moja mara tatu, kwa hiyo nina muda hadi karibu na magharibi. Mama yako yuko uani anamenya viazi. Mimi nimekaa mezani na daftari lako la kidato cha pili, naandika kwenye kurasa za nyuma ambazo hukuzitumia. Sijaandika barua ndefu tangu nilipokuwa nikimwandikia mama yako kabla hatujaoana, na zile, mwenyewe atakuambia, hazikuwa na kichwa wala miguu.

Mambo ya sweta, ya kitambulisho, ya kutosinzia ndani ya basi simu ikiwa mkononi, mama yako ameshayasema na atayasema tena kesho pale stendi. Siyagusi. Mimi nataka kukuandikia habari za samaki. Wewe unakwenda Mwanza kusomea samaki chuoni, mimi ni mkulima wa karoti huku milimani, na bado nadhani nina la kukuambia juu yao. Hapo tu umeshaona nilivyochanganyikiwa.

Aliyenionyesha besi mara ya kwanza ni Mzee Kupaza, mlinzi wa lile bwawa la shamba la chai. Wewe ulikuwa bado hujazaliwa. Nilikuwa nimezoea perege, samaki mpole, unamtupia nyungunyungu anakuja kama kuku anavyofuata mahindi. Siku moja nikaona maji yanapasuka kando ya matete na chura mzima anapotea. Nikamwuliza mzee kile ni nini. Akaniambia ni besi, kwamba Wazungu wa shamba walimleta zamani akiwa mdogo kama kidole, wakammwaga ndani ya bwawa, wakaondoka, yeye akabaki. Mgongo wa kijani, mstari mweusi ubavuni, na mdomo ambao ukifunguka unaweza kutia ngumi ndani. Tangu siku ile nikawa mgonjwa wake.

Mwaka mzima sikumpata hata mmoja. Nilikuwa na ndoano kubwa, karibu zile za kutundikia nyama buchani, maana niliona samaki mwenye mdomo mkubwa atataka ndoano kubwa. Mshipi nao nilichagua mnene, wa kufungia mbuzi. Mzee Kupaza alikuwa ananiangalia kila Jumamosi, anavuta sigara yake, hasemi. Mwaka ulipokwisha nikamwambia, "Mzee, samaki hawa wamelogwa."

Akasema, "Ndoano yako ni kubwa na mshipi wako wanauona."

"Mbona hukuniambia mwaka wote huu?"

"Uliniuliza?"

Nilikasirika, Saumu. Nilirudi nyumbani nikasusa chakula. Lakini nilibadilisha ndoano, nikachukua ndogo, nyembamba, ile ambayo ukiiweka ncha yake juu ya ukucha na kuiburuta kidogo inakwama, haitelezi. Ikiteleza ni butu, itupe au inoe. Nikachukua mshipi mwembamba ambao ndani ya maji yetu haya ya baridi, yaliyo safi mpaka unaona changarawe, hauonekani. Nikajifunza kulowesha fundo kwa mate kabla ya kulikaza, maana fundo kavu hujichoma lenyewe. Juma la tatu nikampata wa kwanza. Alikuwa na urefu wa mkono wangu mpaka kwenye kiwiko. Nilimpitisha njia ndefu ili watu wengi wamwone.

Sasa hapa ndipo nisipojielewa. Mtu aliyekwisha kupoteza mwaka mzima kwa ukaidi, ungedhani amejifunza kuuliza, au angalau kusikiliza. Ulipofikisha miaka tisa ukataka twende wote bwawani. Nikakukatalia. Nikasema sauti ya mtoto wa kike inawafukuza samaki. Niliyasikia wapi maneno hayo? Mpaka leo nayatafuta. Sijawahi kuyasikia kwa Mzee Kupaza, wala kwa baba yangu. Yalinitoka tu. Mama yako akaniambia, "Basi nyamazeni wote wawili mkifika," na ikawa imekwisha.

Njia nzima uliongea. Ulipouona ukingo wa bwawa ukanyamaza, tena kunyamaza kweli, nikawa mimi ndiye ninayeguna na kukohoa. Ulikaa juu ya jiwe ukaangalia maji. Sikukupa mwanzi wa kuvulia siku hiyo, sikuwa na nia ya kukupa. Mwezi wa saba ule, ukungu umekaa kwenye chai kama blanketi. Nilikuwa nimekudamsha alfajiri kwa sababu wavuvi wote duniani, nilivyoamini, huamka alfajiri. Ikafika saa nne, jua likatoka, mimi nimeshakunja vitu vyangu, ukaniuliza, "Tate, mbona sasa ndiyo wanakuja huku kwenye mawe?"

Nikaangalia. Kweli, walikuwa wametoka kilindini, wawili, watatu, wamesimama kwenye maji mafupi penye mawe yaliyopigwa na jua. Walikuwa wanaota jua kama sisi tulivyokuwa tunaota. Miaka kumi nilikuwa nawafuata wakati wa baridi kali, wakati hawana hamu hata ya kufungua mdomo, kisha naondoka saa ile ile wanayoanza kupata joto. Mtoto wa miaka tisa aliona asubuhi moja. Nikakuambia, "Ndiyo, huwa wanafanya hivyo." Kana kwamba nilikuwa najua. Ule ulikuwa uongo mdogo. Nauandika kwa sababu nimekuwa nikijiuliza kama ule mkubwa ulianzia pale.

Ukaja ukapata mwanzi wako, baadaye ile fimbo ya zamani yenye rili, roda ya kukunjia mshipi, niliyoachiwa na Mzee Kupaza alipostaafu. Na ukatengeneza yule chura wa chambo. Ulichukua ndala ya kijani ya mama yako iliyokatika, ukachonga mwili, ukatia miguu ya uzi wa sweta, ukaficha ncha ya ndoano mgongoni mwa ule mpira ili isikamate majani. Mimi wakati huo nilikuwa nimenunua Tanga chambo cha kijiko cha chuma, kinang'aa, kinazunguka. Nilicheka chura wako. Ukasema, "Besi hali kijiko, tate." Nikacheka zaidi.

Ulikuwa na miaka kumi na minne. Unaikumbuka siku ile kuliko mimi, lakini nataka uione ilivyokuwa upande wangu.

Kwenye kona ya mbali ya bwawa palikuwa na mkaratusi ulioanguka, nusu nchi kavu, nusu majini. Chini yake alikaa besi mkubwa ambaye nilikuwa nimemwona kivuli miaka miwili na sikuwahi kumgusa. Asubuhi ile nilimtupia kijiko mara nyingi mpaka kikakwama kwenye tawi nikakiacha hapo. Nikakaa chini. Ukasema, "Nijaribu?" Nikasema jaribu, kwa sauti ya mtu anayejua haitawezekana.

Hukumtupa chura majini. Ulimtupa juu ya gogo lenyewe, ukamvuta taratibu mpaka akateleza akaanguka chup, kama chura anavyoanguka. Kisha ukaacha. Yale mawimbi ya duara yakatanuka, yakatanuka, yakaisha. Mimi sikuweza kuvumilia. Nikasema, "Vuta!"

Ukasema, "Bado, tate."

"Atamkataa, vuta!"

"Bado."

Ukamtikisa mara moja, kidogo sana, kama mtu anayetikisa kope. Maji yakafunguka.

Sijawahi kuona samaki kama yule. Aliruka mzima mzima nje ya maji akatikisa kichwa, akarudi chini, akaelekea kilindini, na rili ikaanza kulia kwa sababu ulikuwa umelegeza breki yake ili mshipi utoke anapokimbia. Hukuwa na hofu yoyote. Ulikuwa umesimama miguu imepanuka kidogo, fimbo iko juu, ukasema kwa sauti ya kawaida, kama mtu anayezungumza na ng'ombe, "Kimbia tu. Kimbia, utachoka."

Na mimi nikakunyang'anya fimbo.

Nikasema, "Lete, utamkosa!" Nikakaza breki mpaka mwisho, nikaukamata na mshipi kwa mkono, nikavuta kwa nguvu zangu zote za kulimia. Mshipi ukakatika. Ulitoa mlio mdogo tu. Nilikuwa nimetegemea mlio mkubwa.

Hukuniangalia. Uliangalia maji pale alipopotelea, pamoja na chura wako mdomoni. Kisha ukasema, "Twende nyumbani, tate."

Saumu, kama mambo yangeishia pale nisingekuwa naandika barua. Kila mvuvi amekwisha kukata mshipi. Anayemzuia samaki anapotaka kukimbia atamkosa, hilo ulilijua wewe ukiwa na miaka kumi na minne na mimi nilikuwa nalijua pia, nilikuwa nimekufundisha mwenyewe jinsi ya kulegeza breki ile. Nilijua na mikono yangu haikujua. Hilo naweza kulimeza.

Lakini njiani, pale kwenye njia panda, tukakutana na Hoza, jirani yetu, anatoka kuuza kabichi. Akauliza, "Vipi mgosi, leo mmepata?" Nilifungua mdomo kusema kweli. Nakuapia, nilifungua mdomo kusema kweli. Kilichotoka ni hiki: "Tulimpata, tena mkubwa, ila mtoto alishtuka akavuta kwa nguvu, mshipi ukakatika."

Ulikuwa umesimama kando yangu umeshika ndoo. Hoza akacheka akakuambia, "Wewe Saumu Vuta wewe!" Ukacheka kidogo pia. Kicheko hicho nimekibeba miaka mitano.

Jina likakushika. Dukani Saumu Vuta, kisimani Saumu Vuta, hata yule mwalimu wako wa hesabu. Hukuwahi kumwambia mtu yeyote. Na hukuwahi kwenda bwawani na mimi tena. Ulikwenda peke yako siku nikiwa shambani, nilikuwa naona tope kwenye viatu vyako. Nilikuwa nafurahi kuona tope lile, halafu nakasirika kwamba hukuniambia, halafu naona aibu kwamba nimekasirika. Yote hayo kabla ya chakula cha mchana.

Nimejaribu kujua kwa nini nilisema vile. Nimesema labda niliona aibu. Lakini aibu ya nini? Hoza mwenyewe hajawahi kupata hata perege, asingenicheka siku mbili. Nimesema labda nilikuwa na uchungu wa samaki. Lakini uchungu haumfanyi mtu amsingizie mtoto wake mbele ya macho yake. Limebaki neno moja, nimeliandika hapa nikalifuta, nikaliandika tena, unaona karatasi ilivyochakaa: wivu. Nilikuona umesimama vile, unamwambia samaki akimbie, na nikaona kwamba huo uvuvi niliouhangaikia miaka kumi na tano wewe umeupata bila kuhangaika. Inawezekanaje mtu amwonee wivu mtoto anayempenda? Sijui. Ninachojua ni kwamba vyote viwili vilikuwa ndani yangu saa ile ile, na mkono uliofika kwanza ulikuwa wa wivu.

Juma lililopita nilikuuliza nikununulie vifaa gani vya kuvulia uende navyo. Ukasema, "Usinunue, tate. Nitayaangalia maji ya kule kwanza, nione na wenzangu wanatumia nini." Niliumia. Nilikwenda shambani nikapalilia mstari ambao ulikuwa umeshapaliliwa. Huko ndiko nilikogundua kwamba hilo ndilo jibu ambalo mimi nililipa mwaka mzima kulipata. Ndoano haichaguliwi dukani, huchaguliwa ukingoni, baada ya kuangalia. Ziwa lile sijawahi kuliona. Wanasema huko kuna sangara mrefu kama mtu. Mimi na mishipi yangu ya bwawani nikuchagulie nini?

Kwa hiyo sikuwa na cha kukupa, na ndiyo maana leo baada ya sala ya alasiri nilishuka pale penye kahawa. Nilifikiri nitakupa jina lako. Walikuwepo Hoza na wengine watatu wanne wa kila siku. Nikasema, "Jamani, nina neno. Yule besi wa mkaratusi, Saumu hakumkosa. Alimshika vizuri kabisa. Mimi ndiye niliyemnyang'anya fimbo nikakata mshipi, halafu nikamsingizia."

 Hoza akaweka kikombe chini akasema, "Mgosi, mtoto anaondoka, unaanza kumpamba."

"Simpambi. Ndivyo ilivyokuwa."

"Ndiyo, ndiyo. Hata mimi binti yangu alipoolewa nilisema alikuwa anajua kupika."

Wakacheka wote. Nikasimama, nikapandisha sauti, nikawaeleza habari za breki na namna nilivyoukamata mshipi. Nadhani kadiri nilivyoeleza ndivyo nilivyozidi kuonekana baba aliyezidiwa. Mwisho Hoza akanishika bega, kwa upole kabisa, akasema, "Basi, tumekubali. Ni wewe." Kama unavyomkubalia mgonjwa wa homa. Nilipokuwa naondoka nikamsikia anasema, "Msalimie Saumu Vuta, mwambie asitusahau."

Ndiyo hivyo. Uongo nilioutoa kwa pumzi moja, nikitembea, waliupokea bila swali. Ukweli nimeukalia miaka mitano, nimeupeleka mwenyewe kwa miguu yangu, hawakuutaka. Nimerudi nyumbani sijui kama nimefanya jambo au sijafanya.

Nikamwambia mama yako. Nilisimama pale uani, yeye hakuacha kumenya.

Akasema, "Nilijua."

"Tangu lini?"

"Siku ile ile. Nani alikuja kwangu nimfunge kidole, kimekatwa na mshipi mpaka nyama inaonekana? Mikono ya mtoto ilikuwa mizima."

Nilikuwa nimesahau kidole, Saumu. Kovu liko hapa, ninaliangalia, linashika kalamu hii, na nilikuwa nimelisahau.

Nikamwuliza, "Miaka mitano! Mbona hukusema?"

"Nilikuwa nakungoja wewe."

"Na yeye? Uliwahi kumwuliza?"

"Nilimwuliza jioni ile ile. Akaniambia, 'Mama, usimwambie kwamba unajua.'"

Akachukua kiazi kingine. Nikaja hapa mezani.

Tangu hapo nimekaa na sentensi yako hiyo. Naigeuza huku na huku. Je, ulinihurumia? Mtoto wa miaka kumi na minne kumhurumia baba yake, ni mzigo gani huo niliokutwisha? Au ulikuwa umekwisha kunikatia tamaa, ukaona hakuna haja? Au ulikuwa unangoja, kama ulivyongoja mawimbi yale yaishe, na mimi sikuja? Kila jibu nikilishika linateleza. Mama yako nimemwuliza anadhani ni lipi, akasema, "Mtoto yupo. Muulize mtoto."

Ni rahisi kwake. Mimi nimejaribu kukuuliza tangu matokeo yako yalipotoka. Siku ya kujaza fomu za chuo nilitaka kukuuliza: unakwenda kusomea samaki kwa sababu yangu, au ili unionyeshe, au mimi simo kabisa ndani ya jambo hili? Nikakuuliza badala yake kama kalamu ina wino.

Sikuombi uniambie kwamba yamepita. Sitaki uyaseme maneno hayo kwa ajili ya kunitoa kwenye shida. Kama ulikasirika, kaa nayo hasira yako mpaka itakapokuchosha, ni mali yako. Nilitaka tu, kabla hujashuka Mombo, uwe umesikia kutoka kwangu, si kutoka kwa kidole wala kwa mama yako: ulimshika vizuri. Ulisubiri pale ambapo mimi nisingeweza kusubiri. Sijawahi kuona mtu anavua vile, na nilikuwa karibu kuliko mtu yeyote, na nilisema nimeona kitu kingine.

Kuna mengine nilitaka kuandika, habari za upepo na rangi za chambo wakati maji yamechafuka kwa mvua. Hayo utayajua kuliko mimi kabla mwaka haujaisha.

Nasikia lango. Umeingia, unamsalimia mama yako, unamwambia kwamba bibi yako amekupa ndizi ambazo hakuna begi litakalozibeba. Mnacheka. Nilikuwa nimepanga niikunje barua hii niitie kati ya nguo zako, uisome ukiwa mbali, ukiwa umeshapita Korogwe, mahali ambapo siwezi kuuona uso wako. Sasa naona huo nao ni ujanja ule ule.

Nimekuita. Sijui nitaanzia wapi kukusomea.

Umeitika, "Abee, tate," na nasikia unavua viatu mlangoni.